Kompyuta ya Joy Iliyovunjika Shingo

Kibomet, Kitale
14 Novemba 2024

Senge,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Sang'alo, na Krismasi pia, maana najua nikisalimu watu nisahau ng'ombe wako utaninyamazia mwezi mzima. Huku kwetu ni mavuno. Mahindi yameanikwa kila mahali, hata uwanja wa kanisa umejaa, na Jumapili tuliimba tukizunguka gunia. Wacera mwenye nyumba ananiletea chai kila asubuhi na kunigombeza nikisimama. Anakusalimu, ingawa hamjawahi kuonana.

Mguu unaendelea vizuri. Usijali.

Ningepiga simu, lakini wewe mwenyewe unajua simu zetu. Mimi naongea, wewe unasikia upepo tu, unasema "Haya mama, Mungu akubariki," halafu unakata. Kwa hivyo naandika, na Gikonyo, bwana ya Wacera, atakuletea barua. Yeye hupeleka viazi Bungoma na kurudi na vitunguu, hivyo ukitaka kujibu mpatie.

Sasa neno lenyewe. Tangu nianguke pale Moi's Bridge sijashika brashi. Unakumbuka nilikuwa nachora ramani ya Afrika kwa ukuta wa shule, nimebakisha Madagaska peke yake, ubao ukateleza kwa pipa na mimi nikafuata ubao. Mpaka leo watoto wa huko wanasoma Afrika haina Madagaska. Miezi miwili nimekaa kwa kiti, Senge, na mtu anayeishi kwa kuchora kuta hawezi kula kwa kukaa.

Lakini wiki jana Mwalimu Chepkorir wa Endebess alikuja kuniona, yule niliyemchorea nasari mwaka jana. Yeye na walimu wakuu wenzake saba wanataka chati za kutundika darasani: alfabeti, viungo vya mwili, ramani. Anasema kama naweza kuchora kwa kompyuta, watapiga chapa na kugawana. Nimwonyeshe za kwanza mwisho wa Machi, ndio muhula wa pili ufunguliwe zikiwa ukutani. Nisipokuwa nazo, atampa mtu wa Eldoret. Amesema waziwazi, na simlaumu.

Kuna duka la kompyuta hapo Bungoma mjini, nyuma ya soko. Wako na laptop moja kubwa, skrini ya inchi kumi na sita, unachora juu yake kwa kalamu yake yenyewe. Ilikuwa imewekwa dirishani watu waone, ikapata mkwaruzo mdogo kwa kifuniko, ndiyo maana wameishusha bei karibu nusu. Nimeshalipa kwa simu na nimewapa jina lako. Ofa inaisha mwisho wa mwezi na hawatumi mizigo. Tafadhali nenda na kitambulisho uichukue, halafu umpe Gikonyo.

Nakuomba wewe kwa sababu tangu baba aende, wewe dada yake ndiye baba yangu.

Wako,
Joy


Sang'alo, Bungoma
26 Novemba 2024

Joy mwana wa ndugu yangu,

Barua yako niliipokea kwa mikono miwili, na huyo Gikonyo ni mtu wa heshima, alikataa chai mara moja tu. Sisi hapa tuko salama. Mvua imekataa kuisha na maharagwe yanaoza shambani. Tonny wangu bado yuko Eldoret chuoni, atakuja Krismasi. Krismasi ng'ombe, yeye, ana mimba, na anatembea akijua.

Kazi yako nimefanya. Jumatatu nilivaa ile koti ya kitenge nikaenda mjini. Msichana wa duka alikuwa na adabu, akatoa kompyuta kwa boksi, akataka kunifundisha vile inafanya. Nikamwambia mama, mimi nimekuja kubeba, sikuja kusoma. Akacheka, mimi na kompyuta tukatoka.

Joy, ni kubwa! Nimezoea hiyo kadogo ya Tonny. Hii nikiiweka mezani vikombe vyote vinahama. Mkwaruzo sijauona mpaka sasa, au ni macho.

Sasa usiniharakishe. Unajua katika hii boma hakuna kitu kipya kinatoka kabla akina mama wa kanisa hawajakiombea. Baiskeli ya baba yako iliombewa hapa, na ilidumu miaka ishirini na mbili. Alhamisi wanakuja kwangu. Jairus mzee wa kanisa pia atakuwepo. Tukimaliza maombi, safari ya Gikonyo inayofuata, unapata kitu chako.

Pona haraka uninunulie soda.

Senge wako,
Peris


Kibomet
3 Desemba 2024

Senge wangu,

Asante, asante, asante. Wacera alifikiri nimepata mchumba vile nilipiga kelele. Salamu kwa akina mama wote walioomba. Huku baridi ya asubuhi imeanza kuuma, na ndizi za Wacera zimeibwa tena, safari hii na mkungu wenyewe.

Mguu ni sawa. Nilienda kliniki Ijumaa. Ni sawa.

Nimeanza kuchora alfabeti kwa karatasi, nipate tu mazoezi. A ni ya ajuza, nikafuta, watoto wataogopa, sasa ni ya asali. N nitaweka Krismasi wako, kwa hivyo mwambie asinenepe sana, nafasi ni ndogo.

Gikonyo anakuja huko Alhamisi. Mpatie tu kompyuta, ameniahidi ataibeba kama yai.

Joy


Sang'alo
17 Desemba 2024

Joy mwana wetu,

Salamu katika msimu huu wa kuzaliwa kwa Bwana. Maharagwe yaliyobaki tumeyavuna. Rosaline jirani ameezeka nyumba mabati ya bluu, sasa kila mtu anapotea njia akija kwangu, anasema alitafuta nyumba bila rangi akapita. Krismasi alikula kamba yake ya kuanikia nguo na kitambaa kimoja. Daktari wa mifugo anasema ndama amekaa vizuri. Jairus ana kikohozi. Kwaya yetu imealikwa Ndalu tarehe ishirini na mbili na mimi ni sauti ya pili. Kiatu changu cha kushoto kimeachana, lakini fundi anasema atakishona.

Kuhusu ile kitu. Iko. Iko sandukuni, imefungwa na leso mbili. Lakini nimekaa nikafikiria, nikaona Gikonyo ni mtu wa vitunguu. Kompyuta ikishika harufu ya vitunguu utafanya kazi aje? Tungoje kidogo tuone njia nzuri zaidi.

Hiyo N yako ichore mapema, ng'ombe anaongezeka.

Senge Peris


Kibomet
8 Januari 2025

Senge,

Heri ya mwaka mpya. Nilisikia kwaya yenu iliimba vizuri huko Ndalu, Gikonyo alikutana na watu waliowasikia. Sisi tulikula mbuzi wa Wacera, mimi nikiwa nimepewa kiti cha mzee na mguu juu ya debe. Ilikuwa poa.

Senge, vitunguu haviingii kwa kompyuta. Wacera ametoa karatasi za nailoni tatu na blanketi, na Gikonyo ameapa ataiweka kiti cha mbele karibu naye, vitunguu vikae nyuma mahali pao. Yeye mwenyewe alikasirika kidogo, anasema hanuki.

Mwalimu Chepkorir alipiga simu Jumatatu kuuliza nimefika wapi. Nikamwambia naendelea. Si uongo kabisa, lakini si ukweli pia. Miezi miwili na nusu imebaki, na hiyo programu ya kuchora lazima nijifunze kwanza.

Tafadhali, safari hii.

Joy


Sang'alo
4 Februari 2025

Joy,

Nimepata barua yako. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Kiangazi kimetukamata, kisima cha shule kimekauka na watoto wanakuja kuchota kwangu. Krismasi alizaa tarehe kumi na tisa, ndama jike, mweupe usoni. Anatoa maziwa mazuri sana. Mtu akiwa na ng'ombe kama huyo, hata akipata shida, ana mahali pa kushika.

Kompyuta iko. Sasa tatizo ni vumbi. Barabara ya kutoka huku ni vumbi tupu, na nimesikia vumbi ni adui ya hivyo vyombo. Mvua ikinyesha, vumbi litalala.

Nilitaka kukuuliza kitu, si kwa ajili yangu, kuna mama fulani kanisani aliniuliza. Ati hizo kompyuta zikiumia shingo, pale kifuniko kinashikana na mwili, huwa zinatibika? Ama ndiyo kwisha? Huyo mama anataka kujua tu.

Tonny alikuja akarudi. Sikumwonyesha yako.

Kaa na amani.

Senge


Kibomet
21 Februari 2025

Senge Peris,

Natumaini mko wazima. Sisi ni wazima.

Kwanza ilikuwa maombi, halafu vitunguu, sasa ni vumbi. Mvua ikinyesha utaniambia ni matope. Nimengoja karibu miezi mitatu kitu ambacho nimeshalipia, na kiko kwa nyumba ya mtu ninayemwita baba.

Nitauliza mara moja na sitarudia. Tonny anaitumia? Najua ya kwake ilivunjika, yeye mwenyewe alinionyesha mwaka jana imefungwa na mpira wa baiskeli. Kama ulimwonea huruma ukampa yangu, sema. Nitaumia, lakini nitajua. Hivi ninavyokaa sijui chochote, na Chepkorir hatangoja, na mimi sina kazi nyingine Senge, sina.

Joy


Sang'alo
5 Machi 2025

Joy,

Gikonyo amekaa nje na uji anangoja nimalize kuandika. Nimemwambia angoje hata kama ni mpaka jioni.

Tonny hajaigusa. Hajui hata iko. Usimtie mtoto wangu kwa hii maneno. Mkosaji ni mimi.

Ile Alhamisi ya Novemba akina mama walikuja, tukaomba, Jairus akaweka mkono juu yake, tukaimba, wakaenda. Nikabaki peke yangu. Nikaona alama za vidole vya Jairus kwa kifuniko, nikasema siwezi kutuma kitu kichafu. Nikachukua kitambaa. Nikaifungua ili nipanguze ndani, na ilikuwa inawaka, na picha nzuri ya milima. Nikawa nasukuma kifuniko nyuma kidogo nipanguze pembeni. Kikaenda. Nikafikiri kitasimama kama cha Tonny kinavyosimama. Joy, hakikusimama! Kilienda nyuma, kikaenda nyuma, mpaka mgongo ukapiga mgongo, tik. Milima ikapinduka miguu juu. Nikabonyeza zile herufi, moja baada ya nyingine, hakuna. Zimekufa zote. Nikajua nimeivunja shingo, kwa maana ya Tonny ilikufa hivyo hivyo, ilisukumwa nyuma ikalia.

Niliirudisha nikafunga kifuniko. Nikaifunga na leso nikaificha sandukuni chini ya sufuria za sikukuu. Tangu siku hiyo sijaifungua. Kila siku nikipita hapo najisikia mwizi. Vitunguu vilikuwa uongo. Vumbi lilikuwa uongo. Yule mama wa kanisa ni mimi.

Ningesema mapema. Lakini wewe umekaa na mguu, ulinipa kitu kimoja tu nikushikie, nikakivunja siku ya tatu, na kwa maombi juu! Aibu ilinifunga mdomo. Nikasema nitakununulia nyingine kwanza, ndiyo niongee.

Sasa nimepata njia. Walubengo wa Ndalu amekubali kumchukua Krismasi pamoja na ndama. Anakuja Jumamosi asubuhi. Wiki ijayo nitarudi kwa lile duka, na safari hii nitamwacha msichana anifundishe.

Nisamehe. Wewe ni mtoto wa ndugu yangu na sikutaka kukuumiza.

Senge wako Peris


Kitale
Ijumaa, 7 Machi 2025

SENGE, USIUZE NG'OMBE!

Salamu baadaye. HAIJAVUNJIKA. Imetengenezwa hivyo! Hiyo aina inakunjika mpaka mgongo unagusa mgongo, ni kawaida yake, ndiyo kazi yake. Ikikunjwa, herufi zinazimwa zenyewe ili vidole visibonyeze kitu kwa nyuma. Na milima inapinduka kwa sababu inafuata vile umeishika. Ukiirudisha ikae kama ya Tonny, herufi zinaamka. Ndiyo maana niliitaka hii na si nyingine, nikiikunja inalala mapajani kama ubao, nichore nikiwa nimekaa.

Ni mimi sikukuambia. Niliandika inchi, nikaandika mkwaruzo, nikasahau kitu kikubwa.

Nimempigia Rosaline, simu yake imezimwa. Nimekupigia wewe mara sita, umenibariki mara sita na kukata. Gikonyo ameacha soko la Moi's Bridge, anakuja kesho asubuhi na mapema gari likiwa tupu. Nimemwonyesha kwa daftari vile inakunjwa. Walubengo akiwa hapo, mpe chai arudi kwake.

Na Tonny nimemkosea. Nimekukosea wewe pia.

Joy


Sang'alo
10 Machi 2025

Joy mwana wa ndugu yangu,

Salamu! Salamu nyingi, mpaka za ndama. Leo nimekunywa chai na sukari ya kutosha, nimekaa nje juani kwa kiti, na sijafanya kazi yoyote ya maana tangu asubuhi.

Nikuambie ilivyokuwa. Jumamosi Walubengo alifika mapema kuliko alivyosema, watu wa Ndalu ni watu wa kazi. Alikuwa ameshamfunga Krismasi kamba mpya. Mimi nilikuwa nimeingia jikoni ili nisione, Rosaline ananishika mkono. Ndama analia. Halafu tukasikia honi, na lori la Gikonyo likaingia mpaka kwa mboga zangu, likaponda sukuma mstari mzima. Akaruka chini, kiatu kimoja hakijafungwa, akapaza sauti kwa masikio yangu, "Mama, ng'ombe asitoke!"

Nikasoma barua yako mara mbili. Sikuamini. Nikasema huyu mtoto ananifariji tu, ni tabia ya baba yake. Gikonyo akasema basi tuilete tuone.

Nikaitoa chini ya sufuria. Betri imeisha moto, akaiweka kwa umeme tukangoja. Walubengo naye akaja na kamba mkononi, Krismasi amefuata nyuma mpaka mlangoni. Ikawaka. Milima ile ile! Gikonyo akashika kifuniko, mimi nikafumba macho kabisa. Nikasikia tik. Nikasema Yesu wangu, ameimaliza. Nikafungua macho, iko mgongo kwa mgongo na anatabasamu. Akairudisha. Akasema, "Andika jina lako." Nikabonyeza P, ikatokea P. Nikaandika PERIS yote. Halafu nikaandika KRISMASI.

Nililia, bana. Nililia mbele ya Walubengo, na simjali. Uzito wa miezi mitatu ulinitoka hapo hapo. Walubengo alikunywa vikombe vitatu, akaifungua na kuifunga kama mara kumi, akarudi Ndalu bila ng'ombe na hakukasirika. Ila kamba yake alisahau, nikimwona nitampa.

Gikonyo nilimzuia hapa Jumapili, leo anakuletea pamoja na hii barua. Nimemfanya aifunge mkanda wa kiti. Amenuka vitunguu kweli, lakini sasa nampenda.

Sasa neno moja, halafu tunalifunga. Lile swali la Tonny liliniuma. Nimelisamehe tangu Jumamosi, lakini nataka ujue liliuma. Na wewe ujue kwamba ningesema mapema, haungeuliza.

Chora sasa. Siku ni chache.

Senge Peris


Kibomet
30 Machi 2025

Senge wangu,

Nakusalimu kwa furaha, na mvua yetu ya kwanza imefika juzi. Wacera amepanda mahindi mpaka kwa choo. Gikonyo amekuwa mtaalamu, anazunguka Kibomet yote akieleza watu kompyuta za kukunja. Juzi alimwonyesha mwalimu wa kompyuta.

Swali la Tonny naliomba msamaha tena, na sitalisahau haraka. Nimemwandikia yeye pia, ingawa hajui ni la nini. Alijibu "sawa, lakini uko fiti kweli?"

Chepkorir alikuja Ijumaa. Nilikuwa sijalala vizuri wiki nzima. Nikaikunja nikailaza mapajani, mguu juu ya debe, nikamwonyesha moja moja: asali, bata, mpaka N, Krismasi na uso wa ndama wake. Akarudi kwa asali, akazipitia zote tena. Halafu akasema, "Za shule nane tu? Wenzangu wa huko upande wa Kwanza wanataka pia." Amezikubali zote, Senge! Zinaenda kupigwa chapa. Nililia nikiwa nimemshika mkono, akaniambia nisimlowanishe daftari.

Sasa na mimi nina langu chini ya sufuria.

Mguu haukuwa sawa. Ile Ijumaa ya kliniki niliyokuandikia Desemba, daktari alisema mfupa umeungana vibaya. Nitatembea, lakini sitapanda ngazi tena, wala ubao, wala pipa. Nilikuandikia "ni sawa" mara mbili kwa mstari mmoja. Sikutaka ukae hapo ukilia juu ya mguu wangu, na nilifikiri nisipoandika haitakuwa kweli. Kuta zimeisha, Senge. Nilizipenda sana. Nilipenda ile kelele ya watoto wakikaa chini yangu wakikisia nachora nini.

Nimeshaisema sasa. Nahisi afadhali.

Nakutumia chati moja, iliyopigwa chapa ya majaribio jana, ya kwako. Gikonyo ameikunja kwa bomba la plastiki ili isilowe.

Mtoto wako,
Joy


Sang'alo
22 Aprili 2025

Joy mwana wangu,

Bwana amefufuka, na mimi nimechoka, Pasaka tuliimba siku tatu. Tumepanda. Ndama anakunywa kama mtu mzima. Tonny alikuwa hapa, nikamweleza habari yote, akacheka mpaka akaanguka kwa kochi, nikamwambia hiyo yako ya mpira wa baiskeli na wewe ulikosea, akaenda kukamua ng'ombe.

Kuhusu mguu. Nilijua.

Nilijua tangu Desemba. Miaka yote ukiniandikia, mwisho wa barua huwa unaniambia ukuta unaofuata. Nikimaliza hapa naenda Endebess, nikimaliza Endebess kuna kanisa fulani. Hata ile ya Novemba, mguu ukiwa kwa plasta, uliniambia habari ya Moi's Bridge. Ile ya Desemba iliisha bila ukuta. Ya Januari pia. Nikasema ngazi imekwisha kwa huyu mtoto, na yeye hataki kusema, basi nitangoja. Ndiyo maana kuivunja kompyuta kuliniumiza vile. Nilijua ndiyo ukuta uliobaki.

Kulia nimelia, kwa hivyo hilo ulilotaka kunizuia nimeshafanya. Sasa yameisha. Ukitaka kelele ya watoto, uliza huyo Chepkorir, uende ukae kwa kiti katikati ya darasa uchore wakiona. Hakuna aliyesema lazima wakae chini yako.

Chati imefika haijalowa. Nimeitoa kalenda ya mwaka jana, nikaitundika hapo, juu ya redio. Afrika yote. Rosaline alikuja, Jairus alikuja, kila mtu anatafuta Kenya. Mimi nilivaa miwani, nikasogea karibu kabisa, sikutafuta Kenya. Nikaenda upande wa kulia, kwa maji.

Kako hapo, kale kakisiwa kalikobaki Moi's Bridge. Kakijani, kamemalizika vizuri, hata jina umekaandikia.

Senge wako,
Peris